Amana ya fremu: kabla hujalipa, jua nani anashika fedha zako

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayetafuta fremu Kariakoo, Manzese au Mbagala huanza kwa kuuliza kodi ya mwezi. Akishajibiwa ndipo anapogundua kwamba kodi ya mwezi ni sehemu ndogo tu ya fedha zitakazomtoka siku ya kukabidhiwa funguo. Kuna kodi ya miezi sita au mwaka mzima ambayo hulipwa kwa mkupuo. Kuna amana. Kuna kilemba. Kuna chake dalali, ambacho kwa desturi ya mjini ni kodi ya mwezi mmoja.

Fedha hizo zote hutoka mfuko mmoja, na mara nyingi siku moja, taslimu, mbele ya dalali anayesisitiza kwamba yupo mteja mwingine njiani. Matokeo yake ni kwamba mpangaji hujua jumla aliyotoa, lakini hawezi kueleza ni kiasi gani katika jumla hiyo bado ni mali yake.

Hapo ndipo hasara huanzia. Amana si malipo. Ni fedha ya mpangaji iliyoko mikononi mwa mtu mwingine. Usalama wake unategemea mambo matatu: jina lililoandikwa kwenye risiti, mtu anayeishika, na ushahidi wa hali ya fremu siku ulipoingia. Wiki hii tunaeleza mambo hayo kwa faida ya wapangaji, na pia kwa faida ya wawekezaji wadogo waliojenga fremu za kupangisha.

FEDHA TATU, MAJINA MATATU

Kodi ya pango ni bei ya kutumia fremu kwa muda fulani. Muda ukiisha, fedha hiyo imekwisha, na wala hairudi.

Amana, ambayo wengine huiita depoziti, ni dhamana. Mwenye fremu huishika ili kama mpangaji ataondoka na deni, au atavunja kioo na kung'oa shata, awe na mahali pa kujifidia. Kama hakuna deni wala uharibifu, amana hurudi yote.

Kilemba ni jambo jingine kabisa. Hutolewa ili kupewa nafasi, ama kwa mwenye jengo, ama kwa mpangaji anayeondoka na kuachia eneo lenye wateja. Wenzetu wa Nairobi huita gudwili. Aliyetoa kilemba asitegemee kurudishiwa na aliyempa. Labda na yeye atakipata kwa atakayemwachia, kama soko litakuwa bado zuri na kama mkataba unamruhusu kuachia.

Kuna pia kile kinachoitwa kishika uchumba, yaani fedha kidogo ya kumzuia mwenye fremu asimpe mtu mwingine. Hii ndiyo yenye ugomvi mwingi kuliko kiasi chake, kwa sababu hutolewa bila karatasi. Ikiwa ni lazima kuitoa, iandikiwe kwamba itakatwa kwenye kodi, na kwamba itarudi ikiwa mwenye fremu atabadili nia.

HESABU YA MUUZA VITENGE

Tuchukue mfano wa muuza vitenge aliyepata fremu ya Sh. 600,000/- kwa mwezi. Ametakiwa kulipa kodi ya miezi sita, Sh. 3,600,000/-, na amana ya miezi miwili, Sh. 1,200,000/-. Mpangaji anayetoka anataka kilemba cha Sh. 5,000,000/-. Dalali anachukua Sh. 600,000/-. Jumla ni Sh. 10,400,000/-.

Katika jumla hiyo, fedha yenye haki ya kurudi ni Sh. 1,200,000/- tu. Ni chini ya asilimia 12. Lakini kiasi hicho ni mtaji wa robota kadhaa za bidhaa, na kitakaa bila kuzaa kwa miaka yote ya upangaji.

Sasa tazama risiti. Mwenye fremu akiandika "nimepokea Sh. 4,800,000/- za fremu", amana imemezwa na kodi. Miaka mitatu baadaye atasema, tena kwa kujiamini, kwamba fedha ile ilikuwa pango la miezi minane. Muuza vitenge hatakuwa na karatasi ya kumpinga. Tofauti kati ya kurudishiwa na kutorudishiwa ni mistari miwili kwenye risiti: "Kodi ya miezi sita, Sh. 3,600,000/-" na "Amana itakayorudishwa, Sh. 1,200,000/-".

WENZETU WANAVYOFANYA

Katika jimbo la New South Wales, Australia, ambako ndiko uliko mji wa Sydney, swali la nani ashike amana lilijibiwa kwa sheria ya 1977. Iliundwa bodi ya serikali ya kutunza amana za nyumba za kuishi. Kiwango cha juu ni kodi ya wiki nne. Mwenye nyumba au wakala wake akipokea amana ana siku 10 za kazi kuipeleka kwenye bodi. Pande zote zikikubaliana mwishoni, fedha hutolewa mara moja. Upande mmoja ukidai peke yake, mwingine hujulishwa na hupewa siku 14 za kufungua pingamizi kwenye baraza la usuluhishi.

Kwa maduka, jimbo hilo lina sheria yake ya mwaka 1994 ambayo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, inamtaka mwenye jengo kuipeleka amana ya fedha taslimu serikalini ndani ya siku 20 za kazi. Sheria hiyohiyo inamkataza mwenye jengo kudai fedha inayofanana na kilemba chetu.

Ubora wa utaratibu huo ni mmoja: anayedai kukata amana siye anayeishika. Mwenye nyumba hawezi kusema "nimeitumia, subiri mpangaji mwingine aje", maana fedha haiko kwake.

KWETU HALI IKOJE

Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei na masharti ya pango ni makubaliano ya pande mbili, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na sheria ya mikataba. Sheria hizo hazikuunda ofisi ya kutunza amana za wapangaji.

Kenya inamlinda mpangaji wa duka kwa njia nyingine. Sheria yake ya maduka, hoteli na migahawa, Sura ya 301, inahusu mikataba isiyoandikwa, pamoja na ile iliyoandikwa ya muda usiozidi miaka mitano. Chini yake mwenye jengo hawezi kumtoa mpangaji wala kubadili masharti bila kutoa notisi rasmi isiyopungua miezi miwili, na mpangaji anaweza kulalamika kwenye baraza maalumu la pango la biashara. Lakini hata huko hakuna ofisi ya umma inayotunza depoziti.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa hana budi kujitengenezea mwenyewe ulinzi ambao mwenzake wa Sydney hupewa na serikali. Ulinzi huo ni benki, mkataba na mashahidi.

KABLA YA KUTOA SHILINGI

Kwanza, mjue mwenye mali. Dalali siye mwenye mali, na wala aliyeshika funguo si lazima awe mwenye mali. Omba kuona hati, leseni ya makazi au ofa, na ulinganishe jina hilo na kitambulisho cha anayetaka kupokea fedha. Panapokuwa na hati, upekuzi unaweza kufanywa katika ofisi ya Msajili wa Hati. Mahali pasipo na hati, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na uulize. Majirani wa fremu za kushoto na kulia husema mengi bila malipo.

Pili, uliza kama jengo ni la urithi. Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo na Ilala ni za familia. Anayetia saini awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, au warithi wote wasaini. Ukilipa kwa kaka mmoja, dada zake watakuja mwezi wa tatu kudai kodi yao.

Tatu, hakikisha anayekupangisha siye mpangaji mwenzako. Katika majengo ya mashirika na ya watu binafsi, wapo wanaopanga kwa bei ndogo na kupangisha kwa bei kubwa. Kama mkataba wake wa juu haumruhusu, siku akiondolewa nawe utaondoka, na amana yako iko mfukoni mwake. Omba barua ya ridhaa ya mwenye jengo.

Nne, litazame jengo lenyewe. Tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapohapo Kariakoo na kuua watu. Mkataba useme kwamba fremu ikiungua, ikianguka au ikibomolewa bila kosa la mpangaji, amana irudi pamoja na kodi ya miezi ambayo haijatumika.

Tano, usikubali haraka ya dalali. Mbinu ya "kuna mwingine anakuja na fedha" ni ya zamani, na hustawi zaidi miezi ya kuelekea sikukuu. Fremu moja imewahi kuonyeshwa watu wanne kwa siku moja, na wote wakatoa kishika uchumba. Dalali alipwe mwisho, baada ya funguo kuwa mkononi.

NJIA YA KULIPA

Lipa kupitia benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba. Ikiwa mwenye fremu anatumia simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala lazima liwe lake, si la mpwa wake wala la dalali. Tuma kodi kwa muamala mmoja na amana kwa muamala wa pili. Kwa njia hiyo hata risiti ikipotea, taarifa ya benki itasema zilikuwa fedha mbili tofauti.

Kwa amana kubwa, yapo makubaliano mawili yanayokaribia utaratibu wa Sydney. Moja ni kufungua akaunti ya benki yenye saini mbili, ya mpangaji na ya mwenye fremu, ambapo hakuna anayeweza kutoa peke yake. Jingine ni kumkabidhi wakili mnayemwamini wote, kwa barua inayoeleza lini aitoe na kwa nani. Wenye fremu wengi watakataa. Hata hivyo kuuliza hakugharimu, na jibu lenyewe litakueleza unashughulika na mtu wa namna gani.

Mkataba uwe wa shilingi. Kwa miaka mingi baadhi ya wenye majengo walidai kodi kwa dola, lakini kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei na kulipia bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni nchini.

MKATABA WA BEI MBILI

Upo mtindo ambao lazima tuutaje. Mwenye fremu hupokea Sh. 600,000/- kwa mwezi lakini kwenye mkataba huandika Sh. 300,000/-, ili hesabu ya Mamlaka ya Mapato iwe ndogo. Mpangaji hukubali kwa sababu anaihitaji fremu.

Ukiachilia mbali kwamba ni kosa, mpangaji ndiye anayeumia. Haki yake itapimwa kwa kilichoandikwa. Amana ya "miezi miwili" iliyotolewa kwa Sh. 1,200,000/- itasomeka Sh. 600,000/-. Gharama yake halisi ya biashara nayo haitaonekana kwenye hesabu zake za kodi. Amejipunja mara mbili ili kumsaidia mwingine.

Kodi nayo ina taratibu zake. Mfanyabiashara anayelipa pango la biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Kwa muuza vitenge wetu, asilimia 10 ya Sh. 3,600,000/- ni Sh. 360,000/-, na mwenye fremu anapokea Sh. 3,240,000/-. Wenye fremu wengi husema "mimi nataka yangu kamili". Hapo kodi halisi inakuwa Sh. 4,000,000/-, zuio Sh. 400,000/-, na mpangaji ndiye amebeba. Jambo hili likubaliwe kabla ya bei, si baada. Amana isichanganywe na hesabu hiyo, kwa kuwa ni fedha ya kurudishwa na si pango.

Aidha, mkataba hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia moja ya kodi ya mwaka, ambao kwa mfano wetu ni Sh. 72,000/-. Wengi huukwepa. Wasichojua ni kwamba mkataba ambao haukulipiwa ushuru haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu. Ni gharama ndogo ya kulinda Sh. 1,200,000/-.

DAFTARI LA KUINGILIA

Ugomvi mwingi wa amana hauhusu kama ilitolewa. Unahusu nani alivunja. Dawa yake ni kuandika hali ya fremu siku ya kuingia, kabla ya kuweka bidhaa hata moja.

Andika kila kitu: shata linafunga au linakwama, vioo vingapi na vipi vina ufa, rafu za mwenyewe ni ngapi, sakafu, dari, rangi, taa, soketi, choo na bomba. Andika namba ya mita ya LUKU na uniti zilizomo, na uulize kama mita ina deni, kwa sababu deni hilo litakatwa kwenye umeme utakaonunua wewe. Kumbuka pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Mkataba useme jinsi atakavyokurudishia, au itakavyokatwa kwenye pango.

Piga picha, zichapishe, na nyote wawili mtie saini nyuma yake. Huko New South Wales mpangaji hupewa fomu ya hali ya nyumba na siku saba za kuijaza na kuirudisha. Kwetu karatasi mbili za daftari zenye saini na shahidi mmoja zinatosha.

MAMBO YA KUANDIKA

Kipengele cha amana kisiwe sentensi moja. Kiseme kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Kwamba ni fedha ya mpangaji. Makosa gani yanaweza kukatwa, na kwamba uchakavu wa kawaida haukatwi. Kwamba kila makato yaambatane na risiti ya fundi. Siku ngapi baada ya kukabidhi funguo fedha irudishwe, mathalani siku 14. Na kwamba kodi ikipanda amana haipandi bila makubaliano.

Kiseme pia kwamba jengo likiuzwa au mwenyewe akifariki, deni la amana linahamia kwa mmiliki mpya au warithi. Kipengele hiki husahaulika, na ndicho kinachowaacha wapangaji wakielekezwa kwa mtu aliyekwishahama mji.

SIKU YA KUONDOKA

Toa notisi kwa maandishi na ubaki na nakala yenye saini ya mpokeaji. Kagueni fremu pamoja mkiwa na lile daftari la kuingilia. Usikabidhi funguo kwa mlinzi. Kabidhi kwa mwenye fremu, naye aandike amezipokea na fremu iko katika hali gani.

Wapo wapangaji ambao, kwa kuogopa kudhulumiwa, huacha kulipa miezi ya mwisho ili "kula amana". Njia hiyo ni ya hatari kama mkataba hauiruhusu. Mwenye fremu anaweza kuweka kufuli lake juu ya lako, na bidhaa za milioni kumi zikafungiwa ndani kwa ugomvi wa milioni moja. Ikiwa mnataka iwe hivyo, andikeni tangu mwanzo kwamba amana itatumika kama kodi ya miezi miwili ya mwisho.

Amana isiporudi, anza kwa barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, kisha serikali ya mtaa kwa usuluhishi. Migogoro inayohusu ardhi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 husuluhisha tu bila kutoa hukumu, na ikishindikana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakili atakueleza kama shauri lako ni la aina hiyo au ni deni la kawaida. Popote litakapokwenda, swali la kwanza litakuwa moja: karatasi iko wapi?

NENO KWA WENYE FREMU

Mwekezaji mdogo mwenye fremu nne, anayechukua amana ya Sh. 1,200,000/- kila moja, ameshika Sh. 4,800,000/- za watu. Hilo ni deni, si mapato. Akilitumbukiza kwenye tofali za fremu ya tano, wapangaji wawili wakiondoka mwezi mmoja atalazimika kukopa, au kubuni uharibifu usiokuwapo.

Akaunti ya pembeni kwa ajili ya amana hugharimu kidogo na humpa jina zuri. Katika soko ambalo fremu hupata wapangaji kwa kuulizana, sifa ya kurudisha amana kwa wakati hupunguza miezi ya fremu kukaa tupu, na mwezi mmoja wa fremu tupu ni Sh. 600,000/- zilizopotea kabisa.

Kwa mpangaji, kanuni ni fupi. Asiyekubali kuandika neno "itarudishwa" kwenye risiti, amekwisha kukuambia kwamba hatarudisha. Fedha hiyo ihesabu kama kilemba, uiongeze kwenye bei ya fremu, kisha uamue kama biashara bado inalipa.